Maksai Wawili kwa Mtamba Mmoja

Jumamosi tarehe kumi na tatu Aprili 1985, saa kumi alasiri, mchungaji wetu alirudisha ng'ombe zizini wakati jua bado liko juu na majani bado yako porini. Siku zote alirudi giza likianza kushika. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikisugua sufuria kwa majivu, nikamwona anavuta lango la miiba, anaegemeza fimbo ukutani, anajipangusa vumbi miguuni. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje kwetu. Hakupita jikoni. Alizunguka nyumba akaenda kubisha mlango wa mbele.

Tulikaa mwisho wa mji wa Isiolo, pale nyumba za mabati zinapoisha na barabara ya Garbatulla inaanza kuwa mawe matupu. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa kidato cha pili, na nilikuwa mtu wa kunyamaza sana. Kwenye ripoti mwalimu wa darasa aliandika kwamba nijifunze kufungua mdomo. Mama alikuwa Garbatulla kwa dada yake aliyejifungua. Nyumbani tulibaki watatu: Abba, yaani baba yangu, ambaye alikuwa akinunua na kuuza mifugo, Akko, mama yake Abba, ambaye alikuwa haoni vizuri lakini anasikia kila kitu, na mimi.

Abba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuswali. Alifungua mlango, akamkuta mchungaji amesimama amekunja shuka yake begani, viatu vya akala amevivua. Mchungaji alisema habari. Abba akajibu nzuri, akauliza kama kuna ng'ombe amepotea. Hakuna. Kuna aliyeumwa? Hakuna. Nilikuwa nimeingia ndani kwa mlango wa jikoni na nilisikia mwenyewe alivyosema.

"Mzee, mvua imenyesha."

Hakusema kingine, na Abba hakuuliza maana yake. Alimwambia aingie, akae. Akaniita nipike chai.

Lazima nieleze. Mchungaji alikuwa Mturkana, mtu mzima, mwenye mke aliyechoma makaa na kuyauza kule wanakokaa watu wao upande wa pili wa mji. Alikuja kwetu miaka miwili na nusu kabla ya hapo. Makubaliano yalikuwa yale ya kawaida: maziwa ya ng'ombe mmoja kila siku, shuka na akala, sukari na majani ya chai, na kila mwaka ukiisha, mtamba mmoja. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Hayo ndiyo malipo yenyewe. Yale mengine ni ya kumweka mtu hai ili afike mwisho wa mwaka. Na mtamba hatolewi kwa mdomo. Mwenye ng'ombe anaingia zizini na shahidi, anamgusa mgongoni kwa fimbo, anasema huyu ni wako. Kuanzia hapo, akizaa, ndama ni wa mchungaji, na akifa, kilio ni cha mchungaji.

Mwaka wa kwanza Abba alimgusia mtamba, mweusi mwenye miguu mirefu. Ukame ulipoanza huyo mtamba alikufa. Mchungaji alimchuna ngozi, akaiuza, hakusema neno. Alikuwa wake, amekufa.

Mwaka wa pili ulipoisha ukame ulikuwa katikati. Mchungaji alikuja jikoni kuuliza. Abba akamjibu kwa upole, na ulikuwa upole wa kweli, Abba si mtu mbaya. Alimwambia, nikikugusia mtamba leo, kesho utachuna ngozi tena. Ngoja mvua inyeshe nikupe mnyama atakayeishi. Mchungaji akasema sawa. Akangoja, akichunga.

Ule ukame sijui niuandike vipi. Mwanzoni nililia. Ng'ombe alipolala na kushindwa kuinuka tulimshika mkia na pembe, tukamsimamisha, na kesho yake tukamsimamisha tena, na siku ya tatu tukamwacha. Baadaye sikulia. Tulikuwa tunawafunga kamba miguuni na kuwaburura hadi korongoni, na mimi nilikuwa nikifikiria mtihani wa jiografia. Ng'ombe walikula katoni walizookota nyuma ya maduka. Watu tulikula mahindi ya njano ya msaada, yaliyonuka gunia. Mvua iliponyesha watu walitoka nje wakaimba, nami nikatoka nikaimba, lakini ilikuwa kama kuimba kwenye gwaride la shule.

Wengi waliokufa walikuwa majike na ndama. Maksai walibaki wachache, kwa sababu maksai habebi mimba na hanyonywi na ndama. Mitamba walibaki wawili tu. Mmoja alikuwa kilema, fisi alimng'ata paja. Wa pili alikuwa mwekundu, mzima, na huyo alikuwa wangu.

Nilipowapelekea chai, ya rangi tu, Abba alikuwa ametulia lakini anakunakuna ndevu. Aliniambia nikimbie nikamwite mwenye bucha. Huyu mwenye bucha alikuwa Msomali, jirani yetu wa siku nyingi. Si Mborana kama sisi, wala si Mturkana, kwa hivyo watu wa mtaa ule walikuwa wakimwita kuamua mambo ya mifugo. Alikuja na kikoi chake na kifungu cha miraa, akasimama mlangoni akitazama nyuso.

"Warya, jamani, mbona mmeniita na kisu sikuambiwa nibebe?"

Walicheka wote watatu. Akakaa mkekani, akaanza kuchambua miraa yake kijiti kwa kijiti, akasema anasikiliza.

Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni na birika, mahali ninapokaa siku zote wageni wakija. Akko alikuwa amelala upande wa ukuta na tasbihi yake. Nilidhani amelala kweli.

Abba alieleza kwanza. Hakukataa kwamba kuna malipo ya mwaka wa pili. Alisema atamtolea mchungaji maksai, yule mweusi mkubwa. Akamgeukia mwenye bucha, akamuuliza si wewe mwenyewe ulimtaka huyo wiki iliyopita? Mwenye bucha akasema na bado namtaka. Abba akamwomba amtajie mchungaji bei. Mwenye bucha akaitaja. Ilikuwa pesa nyingi, zaidi ya bei ambayo mtamba aliwahi kufika mnadani kwetu. Abba akafungua mikono, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaficha kitu.

Mchungaji alikuwa anatazama chai yake.

"Maksai atazaa nini?" akauliza.

"Atazaa pesa," akasema mwenye bucha. "Lakini mara moja tu."

Abba hakucheka safari hii. Alisema mtu asifanye kama ameonewa. Mwaka jana kama angekubali kumgusia mtamba, yule mtamba angekufa, maana walikufa karibu wote. Leo mchungaji angekuwa hana la kudai. Sasa kwa sababu yeye alimhurumia akamwambia angoje, huruma yake imegeuka deni. Hiyo ni haki gani?

Lilikuwa swali zuri. Niliona mwenye bucha ameacha kutafuna. Mimi mwenyewe nililizungusha kichwani nikaona Abba amesema kweli.

Kiswahili cha mchungaji kilikuwa cha kukatakata, na alikuwa akisema kila neno kama analipima kwanza.

"Angekufa akiwa wangu, mimi ningelia. Nisingekuja kwako. Ule wa kwanza alikufa, nilikuja?"

Abba akasema hapana, hukuja.

"Ya pili alikufa ikiwa yako. Mimi sikuwa na ya kulilia. Nilikuwa na maneno tu. Nimechunga maneno tangu siku hiyo."

Nje ng'ombe walikuwa wanalia kwa sababu walirudishwa mapema. Mwenye bucha alitema kijiti nje ya mlango, akajipangusa mdomo. Alimwambia Abba, ndugu yangu, wewe ndiye uliyesema angoje. Anayesema ngoja ndiye anayebeba mnyama mpaka siku ya kutoa. Ungemgusia, hasara ingekuwa yake. Hukumgusia, hasara ni yako. Na mlikubaliana mtamba, si pesa. Huyu bwana ana miaka mingapi tena ya kuchungia watu? Anataka kuanza zizi lake, na zizi halianzi na maksai, hata mimi mwenye kisu najua.

Abba akasema sawa. Abba akishindwa husema sawa mara moja, haongezi, na hilo nalipenda kwake mpaka leo. Akasema basi atampa mtamba, ila alionao ni yule kilema.

"Na yule mwekundu?" mwenye bucha akauliza.

Abba akakunakuna ndevu. Sauti ikatoka ukutani, ya Akko, ambaye sote tulidhani amelala.

"Huyo si wake. Huyo ni wa kitovu."

Kwetu Waborana mtoto akizaliwa anaweza kupewa ng'ombe na baba yake, siku zile za kitovu. Tunaita handura. Mara nyingi ni wavulana wanaopewa, lakini mimi ndiye niliyefungua mimba ya mama, na mwaka huo Abba alikuwa na ng'ombe wengi na furaha nyingi, akanipa. Ng'ombe huyo na kizazi chake ni wa mtoto. Baba anaweza kumkamua, hawezi kumtoa bila mwenyewe kusema ndiyo. Ng'ombe wangu wa kitovu alizaa, na wanawe wakazaa, na nilipokuwa darasa la saba nilikuwa na ng'ombe sita na wasichana wenzangu walinitania kwamba nitaoa mume badala ya kuolewa. Ukame uliwachukua. Alibaki mwekundu peke yake, na alibaki kwa sababu nilimweka nyuma ya jikoni nikamlisha uji wa mahindi ya njano kwa mkono, chakula changu mwenyewe, nusu yangu na nusu yake.

Sasa wote wanne walikuwa wananitazama. Akko naye alikuwa amegeuza uso upande wangu ingawa haoni vizuri.

Abba aliniuliza. Sitasema kwamba alinilazimisha. Alisema intala, yaani binti, umesikia yote. Unasemaje?

Nilijua watu wananisubiri, na birika lilikuwa linaniunguza vidole kidogo, na sikuliweka chini. Nilijitafuta ndani nione nina uchungu au hasira, nikakuta mahali patupu kama uwanja wa shule siku za likizo.

"Apewe," nikasema.

Mwenye bucha alisema mashallah, msichana huyu amelelewa. Abba akashusha pumzi. Lakini mchungaji alitikisa kichwa.

"Hapana. Hiyo sitaki."

Abba akamuuliza anataka nini tena, jamani, mtamba mzima mwekundu.

"Huyu mtoto hajanitumia kazi. Na mimi sikumwokoa huyo mtamba, yeye ndiye alimwokoa, niliona kila siku. Ukinipa kitu yake, hiyo ni sadaka. Mimi nataka yangu, kutoka kwa mkono yako."

Nilimtazama mchungaji usoni, nadhani kwa mara ya kwanza, na niliona anaona haya kama mimi, ila amejikaza. Aliweka kikombe chini na akawa kama mtu anayetaka kuinuka kwenda, na nilijua akienda hivyo hatarudi, na mkewe ataendelea kuuza makaa.

Mwenye bucha ndiye aliyepata njia. Alipiga paja. Alisema si ngumu. Baba amnunue kwanza mtamba kutoka kwa binti yake, kwa kubadilishana. Ampe maksai. Mtamba akishakuwa wa baba, baba amguse kwa fimbo yake, na kila kitu kinatoka mkono unaotakiwa. Abba akalidaka wazo lile. Akasema hatampa binti yake maksai mmoja, atampa wawili, yule mweusi na yule wa pembe iliyopinda, mtu asije akasema amemdhulumu mtoto.

"Wawili kwa mmoja," mwenye bucha aliniambia. "Intala, umetuzidi sote kwa biashara. Ukiolewa nitakuja kwako kukopa."

Walicheka, hata mchungaji kidogo. Nikatabasamu. Abba akaniuliza kama nimekubali, nikasema nimekubali. Akko hakucheka. Tasbihi yake ilikuwa imesimama.

Kabla ya magharibi wanaume walitoka wakaingia zizini. Nilitazama kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Abba aligusa kwanza maksai wawili, akasema hao ni wa binti yangu, na mwenye bucha akasema ameshuhudia. Halafu akamgusa mwekundu mgongoni. Mwekundu alidhani anapapaswa, akasogea karibu. Abba akasema huyu ni wako, na mchungaji akaweka kiganja chake mahali fimbo ilipogusa, akakiacha pale.

Nilipokuwa naosha vikombe nilikumbuka somo la biashara. Mwalimu alituandikia ubaoni kwamba malipo ya haki ni yale ambayo pande mbili zimekubaliana bila kulazimishwa. Nililipata hilo swali kwenye mtihani. Sasa nilipima jambo lote kwa maneno yale, upande kwa upande. Mchungaji amekubali. Abba amekubali. Mimi nimekubali, na nimepata pesa nyingi kuliko thamani ya kile nilichotoa. Hakuna aliyelazimishwa. Nilitafuta kosa liko wapi, sikuliona. Niliona tu kwamba nimelipwa kile kile ambacho mtu mzima alikikataa mbele ya macho yangu, na watu wakamwona ana haki ya kukikataa.

Tulipokuwa tunakula Abba alikuwa mchangamfu. Alisema wale maksai wangu wamekuja wakati mzuri. Mweusi tutampelekea mwenye bucha kabla shule hazijafunguliwa, awe ada ya muhula wa pili, na yule mwingine atakuwa ada ya muhula wa tatu. Kwa hivyo mambo yako yamekaa sawa, alisema. Mwaka uliopita ada yangu pia ilikuwa maksai, lakini alikuwa maksai wa Abba. Nilisema ndiyo, Abba. Alinipa mfupa wenye nyama. Hakuwa anafanya hila. Nadhani hakuona.

Nilipomlaza Akko alinishika mkono.

"Ungesema hapana, wangenyamaza," akasema.

"Kweli, Akko?"

Alifikiri.

"Sijui. Sijawahi kusikia msichana akisema."

Asubuhi yake, Jumapili, niliamka kukamua kama kawaida. Mchungaji alikuwa tayari yuko zizini na kisu kidogo na kamba. Alisema muda wake umeisha, anampeleka mtamba upande wa Leparua kwa shemeji yake mwenye mbuzi, na kabla ya kumtoa lazima amkate sikio alama ya kwao, kwa sababu alikuwa na alama yetu na njiani watu watamdhania yeye mwizi. Akaniomba nimshike kichwa, maana amenizoea mimi.

Nilimshika. Niliweka shavu langu kwenye taya lake kama nilivyozoea wakati wa uji. Mchungaji hakuanza kukata mara moja.

"Ulikubali kweli?" akauliza, chini kwa chini.

"Nilikubali."

Alinoa kisu kwenye jiwe mara moja zaidi, ingawa kilikuwa kikali.

"Mimi pia mwaka jana nilikubali kungoja," akasema.

Kisha akakata. Mwekundu alirusha kichwa mara moja tu, akatulia. Damu ilinidondokea kwenye mkono wa gauni. Mchungaji alipaka jivu kwenye sikio, akamfunga kamba shingoni, akaniambia asante mama, neno ambalo watu wao humwambia hata msichana wanapomheshimu. Nikasema safari njema. Walitoka kwa lango la miiba, yeye mbele, mwekundu nyuma, na mwekundu aligeuka mara mbili kuangalia kama nakuja.

Fimbo ilibaki imeegemea ukutani. Ilikuwa ya Abba, ilipewa mchungaji pamoja na kazi, kwa hivyo aliiacha. Abba alitoka akipiga mswaki, akatazama ng'ombe wamesimama, akatazama barabara, akasema itachukua siku kadhaa kupata mtu mwingine, na watu siku hizi wanataka mengi. Akaniuliza kama nina kazi ya shule.

Nikasema sina. Nikabadilisha gauni, nikafunga chapati mbili kwenye kitambaa, nikachukua fimbo, nikawatoa ng'ombe. Wale maksai wangu wawili walikuwa mbele.